Busti inashuka juu ya mizunguko 5,500: je, nipime presha ya ekzosi kabla ya kununua tabo kubwa?

SWALI: Mhandisi, salamu kutoka Mbarara. Nina Subaru Impreza WRX yenye injini ya EJ205 na tabo yake ya asili, TD04. Mwaka jana fundi alinipandishia busti, yaani presha ya hewa ambayo tabo inaisukuma ndani ya injini, kutoka psi 11 hadi 16 (psi ni kipimo cha presha) na kurekebisha programu ya kompyuta ya injini. Kuanzia mizunguko 3,000 hadi 5,000 kwa dakika gari linavuta kuliko zamani, lakini likipita 5,500 linakabwa: busti inashuka hadi 14, wakati mwingine 13, na kompyuta inarudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa cheche kuwasha mafuta. Kwenye milima ya kwenda Kabale hali huwa mbaya zaidi. Fundi wangu anasema tabo ni ndogo, ninunue kubwa. Fundi wa pili alichomoa sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya tabo, akafunga geji hapo, akasoma psi 3 na kusema ekzosi haina tatizo. Rafiki yangu naye ananionya nisiguse ekzosi kabisa, kwa kuwa injini inahitaji presha kidogo ya kuirudisha nyuma ili iwe na nguvu. Nimsikilize nani? Na kama ni kupima, nipime wapi, kwa vifaa gani, na namba ipi ni mbaya?

JIBU: Ndugu yangu, umeeleza tatizo lako vizuri kuliko wengi wanaoniandikia, kwa sababu umetaja mizunguko, umetaja busti inaposhukia, na umetaja hata tundu ambalo geji ilifungwa. Ninavyokuelewa, una hofu mbili: kwamba utatoa fedha nyingi kununua tabo ambayo huenda isiondoe tatizo, na kwamba injini inaumia kila unapokanyaga mafuta mlimani. Zote mbili zina msingi. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba upime, ila upime kabla ya tabo, na ufanye hivyo baada ya kuhakikisha kwamba hakuna mahali ambapo hewa inavuja. Ile psi 3 ya fundi wa pili ni taarifa nzuri na tutaitumia, lakini haikujibu swali lako.

Katika ekzosi ya injini yenye tabo kuna presha mbili, na mafundi wengi wakisema "presha ya ekzosi" hawafafanui wanazungumzia ipi. Ya kwanza iko kati ya valvu za ekzosi na turbini, lile gurudumu la tabo linalozungushwa na moshi, yaani ndani ya manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) na, kwa Subaru yako, ndani ya lile bomba linalopanda kutoka chini ya injini hadi kwenye tabo. Ya pili iko baada ya turbini, katika bomba la kushukia, kataliti (kisafisha moshi) na sailensa. Fundi wako alipima hii ya pili. Injini yenyewe, kila pistoni inapopanda kusukuma moshi nje, inapambana na ile ya kwanza, ambayo inaweza kuwa mara kumi ya hiyo aliyoisoma.

Sababu ya presha hizo kutofautiana sana ni kazi ya turbini yenyewe. Wengi hudhani kwamba gurudumu huzungushwa na mwendo wa moshi unaopita tu, kana kwamba moshi ungepita hivyo hivyo hata tabo isipokuwepo. Kwa kweli turbini hufanya kazi kwa sababu moshi wa moto unatanuka kutoka presha kubwa kwenda presha ndogo, na gurudumu huchota nguvu katika kutanuka huko. Ukilifikiria bwawa la Nalubaale pale Jinja utaona jambo hilohilo: mitambo huzungushwa kwa sababu maji ya upande mmoja yako juu kuliko ya upande wa pili, na maji ya chini yangepanda, mitambo ingepoteza nguvu ingawa maji ya juu hayajapungua hata kidogo. Kwa moshi kuna tofauti moja muhimu, kwamba kinachohesabiwa ni uwiano wa presha hizo mbili, yaani ya mbele imegawanywa kwa ya nyuma. Jambo hilo lina matokeo ambayo nitayarudia kwa hesabu, kwa sababu ndiyo yanayoipa maana psi 3 yako.

Rafiki yako tumjibu kwanza, kwa kuwa dai lake ni la zamani na lina chembe ya ukweli iliyopotea njia. Katika injini isiyo na tabo, urefu na upana wa mabomba huathiri mawimbi ya presha yanayosaidia kuvuta moshi nje ya silinda, na mtu akifunga bomba pana kupita kiasi anaweza kupoteza nguvu katika mizunguko ya chini. Watu waliona nguvu imepungua baada ya bomba kupanuliwa, wakahitimisha kwamba injini inapenda kuzibwa. Hakuna injini inayopenda kuzibwa. Na kwa gari lenye tabo jambo ni jepesi zaidi: turbini yenyewe imeshakata mawimbi mengi, kwa hiyo nyuma yake presha ikikaribia ile ya hewa ya nje ndivyo inavyofaa. Anayekuambia uache psi chache nyuma ya tabo kwa ajili ya nguvu amekosea.

Sasa tuangalie kile ambacho presha kubwa kabla ya tabo huifanyia injini, maana hapa ndipo dalili zako zote zinapokutana. Tuseme injini yako ina uwiano wa mgandamizo wa 8 kwa 1; maana yake ni kwamba pistoni inapofika kilele, nafasi inayobaki juu yake ni sehemu 1 ya 7 ya ujazo ambao pistoni huufagia. Nafasi hiyo haifagiwi kamwe. Hubaki na moshi, na moshi huo una presha ya manifoldi ya ekzosi. Ikiwa presha hiyo ni kubwa kuliko busti, valvu ya hewa inapofunguka hakuna hewa inayoingia mara moja: moshi hutanuka kwanza, mwingine ukirudi hata kwenye njia ya hewa, na ndipo hewa safi huanza kuingia katika nafasi iliyobaki. Geji ya busti itaonyesha psi 14 zilezile, lakini hewa iliyoingia silindani ni pungufu, na imechanganyika na moshi wenye joto kali. Mchanganyiko wenye joto hugonga kirahisi, yaani hulipuka wenyewe badala ya kuwaka taratibu, sensa ya kugonga husikia, na kompyuta hurudisha taimingi nyuma ili kuiokoa pistoni. Taimingi ikirudi nyuma, mafuta huwaka kwa kuchelewa, moshi hutoka ukiwa na joto zaidi, na moshi wenye joto zaidi huchukua nafasi zaidi, kwa hiyo presha kabla ya tabo hupanda tena. Ni mduara, na dereva huuhisi kama gari linalokabwa.

Ongeza juu ya hapo kwamba magari ya WRX yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalipangwa kwa petroli ya kule ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida huwa na oktani ya karibu 100. Petroli ya kawaida ya pampu zetu haifiki hapo. Fundi aliyepandisha busti hadi 16 bila kulizingatia hilo amepunguza akiba ya usalama pande mbili kwa wakati mmoja.

Kuna madhara mengine mawili ambayo huonekana mara chache katika mazungumzo ya gereji. La kwanza ni westigeti, mlango mdogo unaopitisha moshi kando ya turbini ili busti isizidi. Kifuniko chake kimo ndani ya nyumba ya turbini, na presha ya ekzosi inakisukuma kifunguke, ikipambana na springi iliyo kwenye kisukumio. Springi ikiwa imechoka, presha hukifungua kifuniko kabla ya wakati, moshi huponyoka bila kupitia kwenye turbini, na busti hushuka katika mizunguko ya juu, sawasawa na unavyoeleza. La pili ni valvu za ekzosi zenyewe. Tuchukue valvu yenye kipenyo cha milimita 32 na tofauti ya psi 16 kati ya manifoldi ya ekzosi na silinda wakati wa kuvuta hewa: hiyo ni nguvu ya karibu kilo 9 inayoisukuma valvu ifunguke wakati inapaswa kuwa imefungwa. Springi mpya huihimili. Springi zilizozunguka Japani kwa miaka mingi na kisha Uganda kwa miaka mingine hazina akiba kubwa namna hiyo, hasa ukikumbuka kwamba presha ya moshi huja kwa mapigo, na kilele cha kila pigo ni kikubwa kuliko wastani unaosomwa na geji.

Kabla ya kuchomelea chochote, fanya jaribio la kuvuja. Fungua bomba la hewa mbele ya tabo, ziba mdomo wake kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, jaza upepo kutoka kwa kompresa hadi psi 15 hivi huku injini imezimwa, kisha sikiliza na upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kila hosi na kwenye intakula (kipoza hewa kilicho kati ya tabo na injini). Nasisitiza hili kwa sababu uvujaji wa upande wa hewa huongeza presha ya upande wa moshi: tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia hewa inayopotea, turbini hudai nguvu zaidi, na presha ya manifoldi hupanda. Chujio la hewa lililojaa vumbi la murramu huleta matokeo yaleyale. Nimeona watu wakilaumu turbini kuwa ndogo kumbe bomba la intakula limepasuka kwenye mkunjo. Angalia pia gasketi na viungo vya bomba linalopanda, kwani moshi unaovuja hapo huinyima turbini nguvu na huacha alama nyeusi ambazo jicho linaziona.

Ukishajiridhisha, ndipo upime. Tundu bora ni kwenye bomba linalopanda, karibu na tabo, mahali ambapo bomba limenyooka na moshi wa silinda zote nne umeshakutana. Angalia kwanza kama bomba lako lina tundu la kipima joto cha moshi, kwa kuwa baadhi ya Impreza za miaka hiyo zilitoka kiwandani nalo. Likiwepo, kazi imepungua nusu. Lisipokuwepo, bomba lazima litolewe kwenye gari ndipo litobolewe. Nakusihi usimruhusu fundi yeyote kutoboa bomba likiwa limefungwa, hata akikuambia ataweka grisi kwenye keekee ili chuma kigande, maana chembe moja ya chuma ikiingia kwenye gurudumu la turbini linalozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika itakuwa imekununulia tabo mpya bila wewe kupenda. Tundu lichomelewe nati ya chuma yenye hesi ya robo inchi au chini ya hapo, na ndani ya bomba pawe laini: mrija ukichomoza ndani ya mkondo wa moshi, geji itasoma mwendo wa moshi pamoja na presha, na namba zako zitakuwa za uongo.

Kwenye nati hiyo funga mrija wa chuma cha pua wa milimita 6. Joto la moshi wa petroli likisukumwa kwa nguvu hufika nyuzi 900 na zaidi, na hapo nipeli za brasi hulainika hadi karibu kuyeyuka, kwa hiyo zisikaribie bomba. Najua mafundi wa friji wana mrija wa shaba wa bei nafuu, nao unafaa baada ya sentimita 30 au 40 za kwanza za chuma cha pua, mradi usiuache garini kwa miezi, kwa sababu shaba hukakamaa kwa mtikisiko na kupasuka. Urefu wote uwe karibu mita moja, upande juu kutoka kwenye bomba bila kulala wala kutengeneza bonde, ili maji yanayotokana na moshi kupoa yarudi chini badala ya kukaa kwenye mrija. Mwishoni, mahali ambapo mkono unaweza kuushika mrija bila kuungua, ndipo hosi ya mpira iungwe. Kabla ya geji weka kitu cha kutuliza mapigo: kopo dogo la chuma, au kichujio kidogo cha petroli chenye mwili wa chuma. Bila hicho mshale utatetemeka hadi usiweze kuusoma, na geji itakufa mapema.

Geji ya mshale ya psi 0 hadi 60 inatosha kwa jaribio. Mimi napendelea sensa ya umeme ya psi 0 hadi 100 inayotoa volti 0.5 hadi 4.5, kwa kuwa kila psi ni volti 0.04, na hata ukiwa na mita ya umeme ya kawaida tu utajua kwamba volti 1.7 ni psi 30. Kwa upande wa nyuma ya tabo tumia lile tundu la sensa ya oksijeni, lakini kwa geji ndogo ya psi 0 hadi 15, maana psi 3 kwenye geji ya 60 ni kukisia. Simu moja ifungwe ikirekodi video ya geji zote mbili za ekzosi, pamoja na geji ya busti na ya mizunguko, na dereva asitazame kitu kingine chochote ila mbele.

Usianze na busti ya 16. Irudishe 11, upime. Kisha 13, upime. Na ufike 16 ikiwa tu kompyuta haijaonyesha kugonga kokote katika hatua zilizotangulia. Kila jaribio lianze mizunguko 2,500 na kupanda hadi 6,500 kwa gia moja, injini ikiwa imepata joto lake. Gia ya tatu ya WRX kwa mizunguko 6,500 imeshapita kilomita 100 kwa saa, kwa hiyo kazi hii haifanyiki kwenye barabara ya Masaka wala ya Kabale, hata alfajiri. Ifanyie kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari likiwa limesimama mahali pamoja, au kama una marafiki katika klabu za mashindano, kwenye uwanja uliofungwa kama ule wa Busiika.

Kuhusu namba, kuna mtego mmoja unaowagombanisha watu bure. Geji yako husoma presha iliyo juu ya hewa ya mahali ulipo, na kompyuta husoma presha kamili pamoja na ile ya hewa yenyewe. Tuseme umepata psi 30 kabla ya tabo huku busti ikiwa 14. Kwa geji uwiano wa presha hiyo na busti ni 2.1 kwa 1. Lakini Mbarara iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha ya karibu psi 12.4, ukiijumlisha pande zote mbili unapata 42.4 kwa 26.4, yaani 1.6 kwa 1. Jaribio ni lilelile, na watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha. Chagua njia moja, uiandike, na usilinganishe namba zako na za mtu ambaye hukumuuliza alitumia ipi. Nitatumia za geji hapa kwa sababu ndizo utakazoziona.

Urefu wa nchi yetu pia unaeleza kwa nini Kabale inakutesa. Ili kupata psi 16 za geji Mombasa, kompresa ya tabo, yaani upande wake unaosukuma hewa, inaizidisha presha ya hewa mara 2.1, Mbarara mara 2.3; na Kabale, ambako hewa ina kama psi 11.6, mara 2.4. Tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kwa namba ileile ya geji, hewa inayotoka huwa na joto zaidi, na turbini hudai presha zaidi mbele yake. Tabo ndogo kama TD04, ambayo kule chini ilikuwa na nafasi kidogo ya kupumua, huku juu imeshamaliza.

Uwiano wa geji ulio karibu na 1 kwa 1 ni mzuri mno na huonekana kwenye tabo kubwa za kisasa, 1.5 ni wa kuridhisha. 2 ni wa kawaida kwa tabo ndogo ya kiwandani ikiwa kileleni mwa mizunguko, na injini huishi nao. Ukipita 2.5 unapoteza zaidi ya unachopata. Hata hivyo mimi huutazama mwelekeo kuliko namba moja. Ikiwa kutoka busti 11 hadi 13 presha ya ekzosi ilipanda psi 3, na kutoka 13 hadi 15 ikapanda psi 7, tabo imekuambia mwisho wake uko wapi, na hakuna programu ya kompyuta itakayoubadilisha.

Sasa turudi kwenye psi 3 za nyuma ya tabo. Kwanza muulize fundi alizisoma wapi. Kama ni gari limesimama, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 bila mzigo, basi psi 3 ni nyingi na kataliti inashukiwa kuziba, kwa sababu katika hali hiyo inapaswa kuwa chini ya hapo, na injini ikiunguruma tu iwe chini ya psi 1.5. Kama ni kwenye mzigo kamili, ni hali ya kawaida kwa ekzosi ya kiwandani, lakini ina gharama yake. Kwa mfano wetu, presha kamili nyuma ya turbini ni 12.4 na 3, yaani 15.4, mbele ni 42.4, uwiano ni 2.75. Turbini ikihitaji uwiano huohuo, ukipunguza presha ya nyuma kutoka psi 3 hadi 1, ya mbele inashuka hadi karibu 37, yaani geji itasoma kama 24.5 badala ya 30. Psi 2 za nyuma zimeondoa psi 5 na nusu mbele. Katika gari halisi hesabu haitatoka sawa hivyo, kwa kuwa westigeti nayo itabadili mwendo wake, lakini mwelekeo ni huo.

Kwa hiyo namba zikitoka, zisome kwa pamoja. Presha ya mbele ikiwa kubwa na ya nyuma nayo kubwa, anza na kataliti, sailensa na bomba la kushukia. Ya mbele ikiwa kubwa na ya nyuma ndogo, na hakuna uvujaji, fundi wako wa kwanza ana haki: turbini ni ndogo kwa kazi uliyoipa. Zote mbili zikiwa za wastani na busti bado inashuka, tatizo liko kwenye westigeti, springi yake au hosi zake nyembamba, na tabo kubwa itakuja na gharama bila kuligusa.

Ukiniuliza ningefanya nini kwanza, ningemwambia mtaalamu wa programu aiache busti ifike 15 au 16 kwenye mizunguko 3,500 hadi 4,500, kisha aishushe mwenyewe polepole hadi 12 ifikapo 6,500. Wateja hawapendi kusikia hivyo, kwa sababu namba ya geji inakuwa ndogo. Lakini presha ya ekzosi hushuka, moshi unaobaki silindani hupungua, taimingi inaweza kusogezwa mbele, na mara nyingi gari hutoa nguvu ileile au zaidi likiwa na joto dogo. Hatua ya pili ni bomba la kushukia lenye upana wa inchi 3 pamoja na kataliti nzima yenye kupitisha moshi vizuri. Sishauri kuitoboa kataliti na kuacha ganda tupu, kwa ajili ya hewa tunayoivuta wote mjini; lakini kama bomba lako linalopanda lina kataliti ya zamani ndani yake, itazame kwa makini, maana ikimeguka vipande vinakwenda moja kwa moja kwenye turbini. Na ujue kwamba ekzosi ikifunguliwa busti inaweza kupanda yenyewe kupita ulichopanga, kwa hiyo programu lazima irekebishwe siku hiyohiyo.

Tabo kubwa naiweka mwisho. Inafaa kwa anayeshindana na kuishi juu ya mizunguko 5,000. Kwa anayekwenda kazini Mbarara na Kabale mwisho wa mwezi, itachelewa kuamka, na kwenye hewa nyepesi ya mlimani itachelewa zaidi. Nayo itadai pampu ya petroli, injekta, klachi na programu mpya. Ukiamua hivyo, usichukue iliyotumika kutoka soko la vipuri la Kisekka, Kampala, kabla hujashika mhimili wake na kuutikisa: ukicheza hadi gurudumu liguse ukuta, iache hapohapo.

Mambo mengine hayafai kusubiri vipimo. Ukisikia injini ikigonga kwa sikio lako mwenyewe, ukiona moshi wa buluu baada ya kuachia mafuta, tabo ikianza kulia kwa sauti kali ambayo haikuwepo, au mafuta ya injini yakipungua bila alama ya kuvuja chini, acha kulisukuma gari na ulipeleke kwa mtu atakayelifungua na kulitazama, kwani hakuna namba ya geji ninayoweza kuisoma kutoka huku ikachukua nafasi ya mkono juu ya mhimili wa tabo na kipimo cha mgandamizo kwenye kila silinda. Vivyo hivyo ukinusa moshi ndani ya gari baada ya kufunga mrija wa kupimia: zima, fungua milango, na usiendeshe hadi uvujaji upatikane.

Kwa sasa mwambie fundi airudishe busti 11 pamoja na programu inayolingana nayo, usilisukume gari juu ya mizunguko 5,000 kwenye milima ya Kabale, na ufanye jaribio la kuvuja wiki hii. Ukishapata vipimo vya mbele na nyuma ya tabo, nitumie video pamoja na kumbukumbu za kompyuta za taimingi na za kugonga, ukitaja ulipimia wapi na geji ilikuwa ya aina gani. Baada ya kupima, ziba tundu kwa bolti ya chuma iliyopakwa grisi ya shaba, ili siku nyingine lifunguke bila kukatika.